Kununua kwa punguzo, kuuza, kisha kulirudishia duka kilichododa: ni halali?

Mpimabei:
Wakuu, naomba tulijadili hili. Kuna biashara inakwenda hivi: mtu ananunua vipande 20 dukani wakati wa punguzo, kila kimoja 70 badala ya 100. Anavitangaza mtandaoni kwa 95. Vikitoka 12, ana faida ya 300. Vile 8 vilivyododa anavirudisha kabla siku 30 za duka hazijaisha na kuchukua 560 yake kamili. Risiti ni ya kweli, mali haijafunguliwa. Je, sheria imevunjwa? Na kama haijavunjwa, ni haki? Nataka pia kujua hili linatofautianaje na wale wanaovaa nguo usiku mmoja na kuirudisha asubuhi.

Kifungu:
Mkuu, kwanza tenganisha haki ya kisheria na hisani ya duka. Bidhaa ikiwa mbovu, sheria inakulinda. Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zote. Lakini kurudisha kitu kizima kwa sababu umebadili mawazo, ukiwa umekichagua mwenyewe dukani, mara nyingi ni hisani tu. Hisani hiyo ikishaandikwa inakuwa sehemu ya mkataba, na masharti yake yanakubana na wewe. Soma maandishi madogo nyuma ya risiti: "kwa matumizi binafsi", "duka linaweza kukataa".

Manunuzi ya mtandaoni yana sheria zake. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2011, unampa mlaji siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu. Wachuuzi wengi hujikwaa hapa, maana mlaji ni mtu anayenunua nje ya shughuli zake za biashara. Ukinunua vipande 20 ili uuze, wewe si mlaji, na siku hizo hazikuhusu. Hata mlaji halisi akitumia kitu kupita kiasi cha kukikagua, duka linaruhusiwa kumkata thamani iliyopungua. Kulijaribu koti mbele ya kioo ni ukaguzi. Kwenda nalo harusini ni matumizi.

Sasa jinai. Kurudisha kwenyewe si kosa. Kosa ni uongo. Sheria ya ulaghai ya Uingereza ya 2006 inaadhibu kauli ya uongo inayotolewa kwa nia ya kujinufaisha, hadi miaka 10 jela, na kauli hiyo si lazima itamkwe. Mtu akiweka kifaa chake cha zamani ndani ya boksi jipya na kulisukuma juu ya kaunta, ameshasema uongo. Mfano wako haujafika huko. Utafika siku mhudumu atakapomuuliza "ulinunua kwa matumizi yako?" naye akajibu ndiyo.

Kaunta ya Nyuma:
Niongeze upande wa kazi yenyewe, maana watu hudhani mashine ya duka haina kumbukumbu.

Ile hila ya "nunua tatu, lipia mbili" halafu urudishe moja kwa bei kamili haifanyi kazi. Vitu vitatu vya 30 ukivilipia 60, mfumo unagawa punguzo na kuandika kila kimoja 20. Ukirudisha kimoja unapata 20. Kurudisha bila risiti ili upewe bei ya leo nako kumezibwa: maduka mengi hulipa bei ya chini kabisa iliyotumika karibuni, tena kwa vocha. Simu na vifaa vya umeme husomwa namba yake ya utambulisho siku ya mauzo, kwa hiyo kifaa kilichobadilishwa hugundulika kikipitishwa tu kwenye mashine. Vifurushi vinavyorudishwa kwa posta hupimwa uzito. Nguo za bei ya juu hutundikwa lebo kubwa kifuani, mahali ambapo huwezi kuvaa ukaificha. Ikikatwa, haki ya kurudisha imekwisha.

Huyo mchuuzi wa vipande 20 amesahau jambo moja. Yeye naye sasa ni muuzaji. Akiuza kipande siku ya 29, na mteja wake ana siku 14 za kukirudisha, kinaweza kumrudia siku ya 43, wakati mlango wa duka umefungwa tangu siku ya 30. Vikirudi vinne namna hiyo, anawarudishia wateja 380, na faida yote ya 300 imekwenda, tena na 80 juu yake, hadi atakapoviuza upya.

Mizani:
Kisheria mmemaliza. Kwangu mimi kihaki bado ni kibaya, na sitazunguka. Vipande 8 vikirudi msimu umekwisha, duka haliviuzi tena kwa bei ile. Vinakaguliwa, vinafungwa upya, vingine vinauzwa kwa hasara. Gharama hiyo inabebwa na mteja anayenunua kimoja na kukaa nacho. L.L.Bean, kampuni ya nguo na viatu ya Marekani, ilipokea bidhaa zake bila ukomo wa muda hadi Februari 2018, ikaweka mwaka 1 na uthibitisho wa ununuzi. Ilieleza kuwa baadhi ya watu walidai fedha kwa vitu vilivyochakaa kwa miaka, wengine kwa vitu walivyonunua mitumba kwa watu baki. Waliopoteza ni wateja waaminifu ambao hawakuwahi kuitumia vibaya.

Na mtindo huu una jina katika biashara: ni mali kauli. Unachukua mzigo, unauza, unarudisha kilichobaki. Tofauti ni kwamba kauli haikutolewa. Mwenye mali hakuulizwa.

Mpimabei:
Nimekuelewa. Basi anayetaka kuifanya kwa uwazi afanyeje?

Kaunta ya Nyuma:
Aende kwa meneja au msambazaji, si kaunta ya marejesho. Waandike idadi, tarehe ya mwisho ya kurudisha, hali ambayo mali itapokelewa (boksi halijafunguliwa, lebo zote zipo), na nani analipa usafiri wa kurudi. Ajiandae kupewa punguzo dogo, labda anunue kwa 80 badala ya 70, kwa sababu safari hii duka limejua linabeba hatari gani. Na aombe tarehe ya kurudisha ipite ile anayowapa wateja wake kwa angalau wiki mbili.