Mjadala: Rafu mbaya iadhibiwe kwa kitendo, siyo kwa mfupa uliovunjika

Wakuu, habari za wikiendi.

Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa na hatukufika popote. Swali lilikuwa hili: mchezaji wa kulipwa akimvunja mwenzake mguu kwa rafu ya hatari, afanywe nini? Mzee mmoja aliyewahi kucheza beki timu ya mtaa alisimama kabisa akasema, "Akae nje mpaka aliyemvunja arudi uwanjani. Kama ni miezi tisa, naye miezi tisa. Mwenzake asiporudi, naye asirudi." Karibu kijiwe kizima kikamuunga mkono. Mimi nilikataa, nikaonekana nawatetea wavunja miguu. Naileta hoja hapa nikiwa nimetulia, nanyi nipingeni.

Nianze na tunapokubaliana: adhabu zilizopo ni za aibu. Tarehe 23 Februari 2008, Birmingham City walikuwa nyumbani na Arsenal. Dakika ya tatu tu, Martin Taylor akamwingilia Eduardo da Silva, njumu zikatua juu ya kifundo, mguu ukapinda mahali ambapo mguu haupindi. Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima na hakurudi kuwa yule straika tuliyemjua. Taylor alipata kadi nyekundu na kukosa mechi tatu. Miaka miwili baadaye, Aaron Ramsey, kijana wa miaka 19, alivunjwa mifupa yote miwili ya muundi kwenye mechi dhidi ya Stoke City. Ryan Shawcross naye mechi tatu. Katika ligi hiyo hiyo ya Uingereza, mchezaji akimzaba mwenzake kibao anapewa mechi tatu hizo hizo. Kibao na muundi vimewekwa kwenye mizani moja.

Ila kesi inayonikereketa kuliko zote ni ya Roy Keane. Aprili 2001, Manchester United na Manchester City, Keane wa United alimkanyaga Alf-Inge Haaland wa City (baba yake Erling huyu mnayemshangilia sasa) juu ya goti, mpira ukiwa umeshapita. Kadi nyekundu, mechi tatu, faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha maisha yake, na humo akaeleza kwamba alidhamiria kumuumiza, alikuwa na kisasi cha miaka kadhaa. Chama cha soka cha Uingereza, FA, kikamwita tena: mechi tano na faini ya pauni 150,000. Kulikanyaga goti la mtu, mechi tatu na pauni 5,000. Kusimulia ulivyolikanyaga, mechi tano na pauni 150,000. Kilichowauma wakubwa ni sura ya mchezo kuchafuka, na goti la Haaland halikuwemo kwenye hesabu hiyo.

Halafu kuna Kombe la Dunia la 2014. Nilikuwa kibanda umiza usiku ule wa Brazil na Colombia, tumebanana kwenye mabenchi, saa zinaelekea saa saba. Dakika za mwisho Juan Zúñiga akaruka kwa nyuma, goti likamwingia Neymar kiunoni. Mwanzoni wengi tulidhani ni yale maigizo yake, mpaka tulipoona mkono wake umebaki mgongoni hautoki na uso umekunjamana kwenye nyasi. Pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imevunjika. Refa hakutoa kadi. FIFA wakasema hawawezi kumchukulia hatua Zúñiga kwa sababu tukio halikuwaponyoka waamuzi. Siku kumi tu kabla ya hapo, kwenye mashindano yale yale, Luis Suárez alimng'ata Giorgio Chiellini begani. Hapo nako refa hakutoa kadi, lakini FIFA wakamfungia Suárez mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne mbali na shughuli zote za soka. Sisemi Suárez alionewa, alistahili. Nauliza ni mizani gani hii ambayo alama za meno begani ni miezi minne na uti wa mgongo uliovunjika hauna hata kadi ya njano.

Jibu lao ni ule mlango wa "refa ameona". Refa akiliona tukio na kuliamua, hata kwa makosa, kesi imefungwa. Asipoliona kabisa, kamati inaweza kuingia. Kwa hiyo ukitaka kumvunja mtu, ni heri umvunje mbele ya macho ya refa dhaifu kuliko nyuma ya mgongo wa refa hodari. Machi 2013 kijana wa Wigan, Callum McManaman, alimpiga Massadio Haidara wa Newcastle njumu za goti, na Haidara akatolewa kwa machela. FA wakasema mikono yao imefungwa kwa kuwa mmoja wa waamuzi aliona walivyogongana, ingawa hakuuona ubaya wake. Hapo ndipo watu walipopiga kelele mpaka kanuni ikalegezwa. Ila wakitaka wanaweza. Mwaka 2006 Ben Thatcher alimpiga Pedro Mendes kiwiko cha uso mpaka akapoteza fahamu, refa akatoa njano, na FA hao hao walimfungia Thatcher mechi nane.

Sasa kwa nini nakataa sheria ya mzee wetu wa kijiweni?

Kwa sababu inapima mfupa badala ya kitendo. Kumbukeni Novemba 2019, Everton na Tottenham. Son Heung-min alimkwatua André Gomes kwa nyuma, rafu ya kawaida ya kukatisha shambulizi, kadi ya njano basi. Gomes akayumba, akagongana na Serge Aurier, mguu ukabaki chini vibaya na kifundo kikateguka na kuvunjika. Son alilia kama mtoto pale uwanjani. Refa alikuwa ameshatoa njano, alipouona mguu akabadilisha kuwa nyekundu. FA baadaye waliifuta ile nyekundu, na walifanya sawa. Kwa sheria ya kijiwe, Son angekaa nje miezi mitatu na zaidi kwa kosa ambalo kila wikiendi linafanywa na watu ishirini.

Sasa geuzeni upande. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Nigel de Jong wa Uholanzi alimpanda Xabi Alonso wa Hispania kifuani kwa njumu. Njumu, kifuani, mguu umenyooka! Refa Howard Webb alitoa njano, na baadaye mwenyewe alikiri ilikuwa nyekundu. Alonso aliinuka akaendelea kucheza. Kwa sheria ya kijiwe, De Jong hadaiwi kitu, maana mbavu zilihimili. Haikupita miezi mitatu, Oktoba 2010, De Jong huyo huyo akamvunja mguu Hatem Ben Arfa wa Newcastle, na siku ile refa hakupuliza hata faulo. Kocha wake wa timu ya taifa ya Uholanzi ndiye aliyemwondoa kikosini, siyo kamati yoyote.

Na kuna uchafu mwingine utaingia. Klabu itamchelewesha mgonjwa wake makusudi ili beki wa wapinzani aendelee kusota nje. Mwenye madaktari wazuri atapona upesi, aliyemvunja apumue. Haki gani hiyo inayotegemea kasi ya mfupa kuunga?

Ninachopendekeza hakijatoka kichwani mwangu. Raga wanacho. Kule mchezaji akitolewa kwa tukio la hatari, anafikishwa mbele ya jopo ambalo lina wanasheria na wachezaji wa zamani. Wanatazama kitendo kwa pembe zote, wanakiweka kwenye ngazi ya chini, ya kati au ya juu. Ukimkamata mtu ukamgonga kichwani, wanaanzia ngazi ya kati, wiki sita, ndipo wanapunguza kwa aliyekiri na mwenye rekodi safi au wanaongeza kwa sugu. Hawasubiri daktari aseme kichwa kimepasuka au hakikupasuka. Soka nayo ina msingi tayari: sheria ya 12 inatenganisha asiye makini, mzembe asiyejali hatari, na anayetumia nguvu kupita kiasi. Tunazitumia ngazi hizo kuchagua rangi ya kadi, halafu tukishafika kwenye nyekundu tunazitupa na kumpa kila mtu mechi tatu.

Na kocha je? Kwenye futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu, mwaka 2012 iligundulika kwamba New Orleans Saints walikuwa na mfuko wa kuwalipa mabeki wanaowaumiza wapinzani. Kocha mkuu Sean Payton alifungiwa msimu mzima, klabu ikapigwa faini ya dola 500,000 na kunyang'anywa nafasi za kusajili chipukizi. Kwetu kocha anasimama kwenye mstari akipaza sauti "mvunje huyo" na mashabiki tunacheka.

*

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu. Nijibu michache, mingine nimeikubali kimyakimya.

Mkuu mmoja kasema mpira ni wa wanaume, tukifuata hoja yangu mabeki wataogopa na takolini (kumwingilia mwenye mpira) itakufa. Hofu hii si mpya. Mwaka 1998 ilipoagizwa kwamba takolini ya nyuma inayohatarisha usalama ni nyekundu moja kwa moja, watu walisema maneno haya haya. Mabeki wakajifunza kuingia kwa pembeni, na mabeki bora wa dunia wametokea baada ya hapo. Kabla ya agizo lile straika wa Uholanzi, Marco van Basten, alikuwa ameshacheza mechi yake ya mwisho, Mei 1993, akiwa na miaka 28, kifundo kimekwisha kwa mateke ya nyuma. Mimi namkumbuka zaidi kwa mechi ambazo hakucheza.

Mwingine kauliza: refa akishaamua, tukifungua mlango kila mtu si atakata rufaa? Ndugu yangu, nusu fainali ya Kombe la Dunia 1982 pale Sevilla, kipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, alimrukia Patrick Battiston wa Ufaransa akamwangusha hana fahamu, meno yametoka. Refa aliamua mpira wa goli upigwe, kazi iendelee. Hilo ndilo tunalilinda? Miaka 12 baadaye, Mauro Tassotti wa Italia alimvunja pua Luis Enrique wa Hispania kwa kiwiko, refa hakuona, FIFA walitazama mkanda wakamfungia mechi nane. Mkanda wa video ulitosha 1994. Leo kuna VAR (waamuzi wa video) na kamera kila kona, tunasingizia nini?

La ligi yetu: kuna aliyesema hayo ni ya Ulaya, huku hatuna uwezo. Ligi Kuu yetu ya Tanzania Azam TV wanaionyesha, mkanda upo. Kamati ya Bodi ya Ligi ile tunayoiita ya saa 72 ipo na inakutana. Inaadhibu klabu kwa kuchelewa kikao cha maandalizi, kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, kwa mashabiki kurusha chupa. Itenge nusu saa ya kutazama miguu ya wachezaji.

Kuhusu fidia, mliouliza nani amlipe mshahara aliyevunjwa, hapo nawaunga mkono bila kusita: klabu ya mkosaji ichangie, kwa kosa la ngazi ya juu. Pesa ya namna hiyo siyo ndoto. FIFA wana mpango wa kuzilipa klabu ambazo mchezaji wao ameumia akiwa timu ya taifa, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja kwa mwaka. Kinachokosekana ni wa kumlipa yule aliyevunjwa kwenye ligi ya kawaida, kwenye timu ambayo mkataba wake ukiisha akiwa na magongo, basi ndiyo ameisha.

Wa mwisho kauliza swali la haki: "Ungesema hivi kama aliyevunjwa angekuwa ndugu yako?"

Ni mdogo wangu, mkuu. Uwanja wa mchangani, mechi ya ndondo, Jumapili jioni. Alikuwa winga, amezungumza na timu moja ya daraja la kwanza aende majaribio wiki mbili mbele. Niliusikia mlio nikiwa nimesimama upande wa pili wa uwanja, na nilijua kabla sijafika. Soksi ilikuwa imechanika ugokoni, alama mbili za njumu. Alikuwa ananiambia, "Kaka, nivue daluga, linabana," na mimi naogopa kuligusa. Miezi minne ya P.O.P (plasta ngumu), na yale majaribio hayakuitwa tena. Leo anaendesha bodaboda na anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi.

Aliyemvunja alikuja hospitali kesho yake, akakaa pembeni ya kitanda bila kusema neno. Sikutaka akae nje mpaka mdogo wangu apone. Nilichotaka kilikuwa kimeshapita. Kwenye mechi ile ile alikuwa ameruka miguu miwili mbele mara mbili, moja kwa kiungo wetu aliyewahi kuruka juu, nyingine kwa mdogo wangu mwenyewe, ikapita kwa upana wa kiganja. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo refa alimnyooshea kidole tu. Watu walipiga makofi. Mimi nami nilipiga makofi, nikasema dogo ana mbio. Ile iliyompata ilikuwa ya tatu.

Endeleeni kunipinga, nasoma.