Jina "Durga" lina maana gani, na nimekosea wapi kwenye kuhesabu?

Mlezi wa Kisauni
Assalaam aleikum. Namlea bibi mmoja Mgujarati huko Ganjoni, mwaka wa pili sasa, na siku sita za juma hulala kwao. Nyumba nzima twamwita Ba. Tangu vidole vyake vianze kutetemeka hawezi kuvuta shanga zake, kwa hivyo alfajiri huniwekea mkononi: yeye asema, mimi navuta. "Om Dum Durgayai Namah." Juzi simu ililia, nikapoteza hesabu, nikaipita na ile shanga kubwa yenye kishada. Ba akafumbua macho, akautazama mkono wangu, asiseme neno. Siku nzima sikuwa na raha. Durga ni nani, jina lake lina maana gani, na nirekebishe vipi? Sitaki ibada ya mtu iharibikie mkononi mwangu.

Kaka wa Bamburi
Dadangu, ushauliza kama kuvuta shanga hizo kwafaa kwa dini yako?

Mlezi wa Kisauni
Nishauliza, kaka. Mimi sitamki kitu. Ni mkono tu, kama ninavyomshikia kikombe.

Binti Makupa
Aleikum salaam dada, na Mungu akulipe kwa unavyomtunza. Mimi ni Mgujarati, mzaliwa wa Makupa. Haya nilifundishwa na bibi yangu, nimekaa sakafuni mbele ya taa ya samli.

Durga ni Mama, mungu wa kike wa Wahindu. Kwa Kisanskriti "dur" ni ugumu, na "ga" yatokana na kwenda: ni yule asiyeendeka kwa urahisi, adui hamfikii. Neno lilo hilo, durga, maana yake pia ni ngome. Bibi alinipeleka mpaka chini ya kuta za Fort Jesus akaniambia, "Ukilitaja jina hili, wewe uko upande wa ndani." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Katika Devi Mahatmya, utenzi wa beti 700, jitu Mahishasura lenye umbo la nyati liliwashinda miungu wote. Wakampa Mama silaha zao, naye akaliua. Ndizo zile siku tisa za Navaratri, Septemba au Oktoba, unapowaona kina mama wakicheza garba kuzunguka chungu chenye matundu na taa ndani yake. Garba ni tumbo la uzazi. Taa ile ni uhai.

Sasa maneno yenyewe. "Om" hufungua. "Dum" ni mbegu, bija, usiitafutie tafsiri: ni jina la Mama lililokusanywa katika sauti moja, hufungwa midomo likavuma puani. "Durgayai" ni kwa Durga, na "namah" ni nainama. (Kufanana na "inama" ya Kiswahili ni sadfa tu, lakini tangu utotoni siwezi kulitamka bila kushusha kichwa.)

Ile shanga kubwa yaitwa meru, nayo hairukwi. Ukiifikia, ugeuze mkufu urudi ulikotoka. Shanga huvutwa kwa kidole gumba na cha kati, na mkono uwe wa kulia. Kuhusu hesabu, usijiumize. Shanga ni 108, na kwetu wazee husema mia ndizo zinazohesabiwa, nane ni za kufidia pale moyo ulipopotea. Mwambie tu Ba kwamba ulikosea, muanze upya kutoka meru.

Mstaafu wa Tudor
Naongeza dogo. Kuna kusema kwa sauti, kuna kutikisa midomo tu, na kuna kusema moyoni, na hiyo ya moyoni ndiyo wanayoiona bora. Siku Ba akinyamaza usidhani amelala. Mngoje.

Mlezi wa Kisauni
Nimerudi. Leo alfajiri nimemwambia, "Ba, juzi nilikosea." Akacheka, akanishika kidole cha shahada, akakikunja taratibu mpaka kikalala kiganjani. Kumbe ndicho alichokuwa akikitazama! Miezi yote hii navuta kwa kidole hicho, nilivyozoea kwenye tasbihi yangu, naye hajaninyanyulia sauti hata siku moja. Tumekwenda mpaka meru, nikageuza mkufu. Akaanza tena.