Yah: Matairi ya winta kwa gari la spoti, nibaki na ringi 19 au nishuke?

Kutoka: Mgeni wa Baridi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari.

Nimenunua kupe (gari la milango miwili, msianze kunitafutia dawa ya mifugo). Linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ringi ni za inchi 19, mbele 255/35R19, nyuma 275/35R19, na yote manne ni matairi ya majira ya joto. Huu utakuwa winta wangu wa kwanza nikiwa na gari langu mwenyewe.

Kuna anayeniambia nikienda polepole yatatosha. Mwingine kasema ninunue mawili tu ya baridi niweke nyuma, kwa kuwa huko ndiko nguvu inakotoka. Mimi nilikuwa nafikiria kuvalisha matairi ya baridi kwenye ringi hizi hizi, maana bila uongo gari linapendeza nazo. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera kwa gari.

Nianze na hilo la mawili ya nyuma, kwa sababu ndilo litakalokuumiza. Ukifanya hivyo gari litaondoka vizuri kabisa, nawe utajiona umepatia. Kisha utafika kwenye kona, utakata usukani, magurudumu yatageuka na gari litaendelea kunyooka kule lilikokuwa linakwenda. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na ndiyo yanayoingiza gari kwenye kona. Ukipindua, ya baridi mbele na ya joto nyuma, utapiga breki na mkia utataka kukupita. Vaa manne, ya aina moja. Hapo hakuna mjadala.

La kwenda polepole linatokana na kudhani kwamba adui ni theluji. Adui anaanza mapema zaidi, barabara ikiwa kavu na jua linawaka. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la joto huanza kukakamaa. Tairi la spoti hukakamaa kuliko la kawaida, kwa sababu limechanganywa kwa ajili ya kushika lami likiwa limepata moto. Yale yaliyo karibu na ya mashindano, watengenezaji huonya yasitembezwe kabisa kwenye baridi kali, kwani mpira unaweza kupasuka. Tairi la baridi huchanganywa ili libaki laini, na uso wake una mikato myembamba mamia kwa mamia, kama iliyopigwa kwa wembe. Mikato ile hufunguka tairi linapokanyaga, ikauma theluji na kubeba kidogo. Usishangae kuona meno yamejaa weupe: theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. (Wafini walilijua hili zamani. Tairi la kwanza la winta walilitengeneza wao mwaka 1934, kwa ajili ya malori.)

Sasa ringi. Kanuni yangu ni moja: shuka hadi ringi ndogo kuliko zote inayopita kwenye breki zako na iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Sababu ni ukuta wa tairi. Hizo namba zako tuzisome pamoja. 255 ni upana kwa milimita. 35 ni asilimia: ukuta una urefu wa asilimia 35 ya upana, yaani milimita 89. Hicho ndicho kimto pekee kati ya rimu (hiyo ringi yenyewe) na shimo lililojificha chini ya theluji, au ukingo wa barabara usiouona. Ukishuka hadi 255/40R18 ukuta unakuwa milimita 102. Tofauti ni kimo cha kidole kilicholala, lakini ndicho kinachookoa rimu.

Na kimo cha tairi zima hakibadiliki. Piga hesabu: 89.25 mara mbili ni 178.5, jumlisha ringi 19 ambayo ni milimita 482.6, unapata 661.1. Sasa 102 mara mbili ni 204, jumlisha ringi 18 ambayo ni 457.2, unapata 661.2. Spidomita haitajua kuna kilichotokea.

Nyuma vivyo hivyo: 275/35R19 ni 675.1, na 275/40R18 ni 677.2. Umeona kuwa matairi yako ya nyuma ni marefu kuliko ya mbele? Breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasigande ukikanyaga) na mfumo wa kuzuia kuteleza vimefundishwa tofauti hiyo. Atakayekushauri kuweka saizi moja pande zote nne ili uweze kuyabadilishana nafasi, mwulize kwanza kama kitabu cha gari kinaruhusu. Magari mengine yanaruhusu. Mengine yatakuwashia taa za tahadhari njia nzima.

Kutoka: Dada wa Barabara Kuu

Fundi, nakuheshimu kama kaka yangu mkubwa, lakini mbona hujagusa upana? Miaka yote nimesikia tairi jembamba ndilo la theluji: linakata hadi chini badala ya kuelea juu. Kwa nini asishuke hadi 225/45R18 mbele? Nimepiga hesabu yako, inatoa 659.7. Karibu sawasawa.

Na jambo la pili, ambalo mimi lilinigharimu. Matairi ya baridi si jamii moja. Kuna ya kaskazini, laini sana, yaliyotengenezwa kwa barafu na theluji iliyoshindiliwa, mengine na misumari kabisa. Na kuna yale ya Ulaya ya kati, yaliyokusudiwa lami yenye maji, tope la theluji na mwendo mkubwa. Gari langu la kabla ya hili nililivalisha yale laini kwa sababu picha ya tangazo ilikuwa na dubu. Barabara ninazopita mimi zinapigwa chumvi usiku kucha, asubuhi ni maji matupu na nyuzi 5. Winta nzima niliendesha kama nimekalia sponji. Ukibadili njia, gari linafikiri kwanza ndipo linafuata. Breki kwenye maji zilinitia hofu zaidi ya theluji, ambayo niliiona mara nne tu mwaka ule.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya chapa yoyote, jiulize barabara yako saa kumi na mbili asubuhi inafananaje. Si ya kwenye mlima utakaokwenda mara moja. Ile ya kwenda kazini.

Kutoka: Fundi Mstaafu

Dada, kuhusu jamii mbili za matairi umemaliza, sina la kuongeza. Kwa gari la spoti linalokaa kwenye barabara zinazosafishwa, ya Ulaya ya kati ndiyo yenyewe. Anayeishi kwenye barafu kuanzia Novemba hadi Machi, achukue ya kaskazini na akubali kwenda taratibu kwenye kona.

Upana ni kweli unavyosema, kwa theluji mbichi na kwa maji. Tairi jembamba lina mgandamizo mkubwa zaidi kwa kila sentimita, na linachelewa kuelea juu ya maji. Lakini 225/45 inataka rimu ya upana wa inchi 7 hadi 8.5. Rimu za magari kama hili mara nyingi ni inchi 9 mbele. Ukilazimisha, kuta zinavutwa nje kama shati lililobana, na rimu inatangulia kugonga kila kitu. Akipata rimu nyembamba zilizoidhinishwa kwa gari lake, basi 225 ni chaguo zuri.

Halafu aangalie namba ya mzigo, ile inayofuata saizi. 96 maana yake tairi moja linabeba kilo 710, 95 ni kilo 690. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye hati za gari. Herufi ya mwendo ni habari nyingine: tairi la baridi linaweza kuwa chini, mfano V ya kilomita 240 kwa saa badala ya Y ya 300, ila Ujerumani kwa mfano watakutaka ubandike stika mbele ya macho ya dereva ikikumbusha kikomo hicho. Kama unahitaji zaidi ya 240 kwenye barafu, shida yako si ya matairi.

Kutoka: Katibu

Naongeza la sheria tu, kwa kuwa humu tumetawanyika. Tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. M+S (matope na theluji) peke yake ni maneno ya mtengenezaji, hayakupitia mtihani wowote. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S bila mlima haihesabiki kuwa tairi la winta. Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara ikiwa na hali ya winta, meno yasipungue milimita 4. Sweden ni 1 Desemba hadi 31 Machi na milimita 3, hali ya barabara ikiwa ya winta. Walio Quebec hawana cha hali ya barabara, kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi ni lazima.

Kutoka: Mgeni wa Baridi

Asanteni sana. Nimeshasalimu amri kuhusu urembo.

Kitabu cha gari kinataja 255/40R18 mbele na 275/40R18 nyuma. Ringi 17 nilijaribu kwa ubishi: haikuingia hata nusu, kalipa ya mbele (kile kibanio cha breki) imeikataa. Nimepata rimu 18 zilizotumika, tundu za bolti 5x120 (tano, kwenye duara la milimita 120) kama zangu, upana ule ule. Muuzaji anasema zitaingia tu. Lakini zimeandikwa ET45 wakati zangu za mbele ni ET29, na tundu la katikati ni 74.1 wakati kitovu cha gari ni 72.6. Ni jambo la kuhofia?

Kutoka: Fundi Mstaafu

“Zitaingia tu” ni neno la mtu ambaye hatakuwepo.

ET ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapolala kwenye kitovu. Namba ikipanda, gurudumu linaingia ndani. Kutoka 29 hadi 45 ni milimita 16 kuelekea kwenye shokomzoba na kalipa, na wewe unataka uache milimita 3 hivi za wazi kati ya kalipa na rimu, ndani ya pipa (mzingo wa rimu) na nyuma ya mikono yake (spoki) pia. Watu wengi hupima pipa wakasahau mikono. Hizo zinanukia rimu za gari la juu, si za kupe. Ziache.

Tundu la katikati likiwa kubwa kidogo si kosa, lina tiba: pete ya kujazia, ili rimu ikae katikati na usukani usitetemeke. Bolti je? Angalia kichwa chake kinapokalia. Kuna zenye mkalio wa mviringo na zenye mkalio wa pembe, nazo hazibadilishani hata kama nyuzi za bolti zinalingana.

Ukitafuta tena, chukua zilizopakwa rangi ya kawaida. Zile zilizochongwa uso ukang'aa, chumvi ikipata mkwaruzo mmoja inatambaa chini ya vanishi kama fangasi.

Kutoka: Dada wa Barabara Kuu

Na soma tarehe ya tairi lenyewe, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira mzee hukakamaa hata kama meno bado marefu.

Sensa za upepo usizisahau, kama gari lako linazo ndani ya magurudumu utahitaji seti ya pili.

Kutoka: Mgeni wa Baridi

Nimepata nyingine, ET29, tundu 72.6, rangi ya kijivu isiyo na mbwembwe. Zimefungwa jana. Kalipa inapita, nafasi inatosha kidole kidogo. Leo asubuhi taa ya upepo imewaka, na nje ni nyuzi 4 chini ya sifuri. Pancha tayari?

Kutoka: Fundi Mstaafu

Walijaza ndani ya gereji penye joto, siyo? Upepo hupungua kama PSI 1 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Jaza upya gari likiwa baridi, kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlangoni, kisha weka upya sensa. Ikiwaka tena kesho kwenye gurudumu lile lile, hapo tutazungumza habari za pancha.

Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza bolti kwa spana ya kipimo. Na kilomita 300 za kwanza usiyaamini matairi hayo, bado yana utelezi wa kiwandani.

Kutoka: Dada wa Barabara Kuu

Zile 19 umeziandika kwa chaki ipi ilikuwa wapi?

Kutoka: Mgeni wa Baridi

Ndiyo natoka kuzisaka kule stoo.