Tupeane uzoefu: somo gani la darasa la watu wazima lilikusaidia kazini?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha hesabu na lugha kwenye darasa la jioni la watu wazima, huu mwaka wa sita. Zamani asilimia nilifundisha kama nilivyofundishwa utotoni: mfano ubaoni, maswali kumi, kusahihisha. Ikifika wiki ya tatu viti vinaanza kubaki vitupu.

Siku moja mama anayefanya usafi wa majengo akaja na chupa ya dawa ya sakafu. Maelekezo yanasema sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Yeye alikuwa anakisia tu, na mikono ilikuwa imemchubuka. Tukafunga kitabu. Ndoo ya lita 5 inataka nusu lita ya dawa na lita nne na nusu za maji, maana dawa ni asilimia 10 ya mchanganyiko wote. Darasa zima likaelewa jioni ile ile. Baadaye mama aliandika jedwali la vipimo, akalibandika stoo, na alipoomba kusimamia zamu alikwenda nalo kwenye usaili. Kazi akapata.

Na ninyi je? Walimu na wanafunzi, karibuni.

Mchangiaji wa 2
Mimi seremala, shule niliacha mapema. Kupima kona ya mraba nilifundishwa na fundi wangu: sentimita 60 upande huu, 80 ule, mshazari ukisoma 100 kona imenyooka. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kujua sababu. Darasani nikaambiwa hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ya pembetatu yenye kona ya mraba, mwalimu akanionyesha kwa vipimo vya fremu yangu mwenyewe. Sasa nakokotoa mshazari wa kipimo chochote, na makadirio ya mbao namwandikia mteja kabla sijagusa msumeno. Zamani nilikuwa nasubiri mtu mwingine aniandikie.

Mchangiaji wa 3
Nahudumia wazee. Darasani tuliandika insha, "siku nisiyoisahau" na kadhalika. Kazini ilitakiwa mistari minne ya kukabidhi zamu: saa ngapi, umeona nini, umefanya nini, umemjulisha nani. Niliandika "mzee hakuwa sawa", msimamizi akanirudishia: hakuwa sawa vipi? Niliona aibu sana. Nikaomba fomu tupu, isiyo na jina la mtu, nikampelekea mwalimu. Tukafanya nayo mazoezi wiki mbili. "Saa 8 mchana amekataa kula, anashika tumbo, nimemwita muuguzi." Sentensi kama hiyo ndiyo iliyoniweka kazini.

Mchangiaji wa 4
Naongezea kwa upande wa walimu. Mimi ni wa lugha, uchomeleaji wanaoufanya wanafunzi wangu siujui, na kujifanya naujua ni kuwadanganya watu wazima. Vyuo vya jamii vya jimbo la Washington, Marekani, vilianza mpango wa I-BEST mwaka 2004 ambapo walimu wawili, wa ufundi na wa masomo ya msingi, wanafundisha pamoja darasa moja. Sisi hatuna uwezo huo, lakini nilimwomba fundi aje mara moja kwa mwezi. Maneno ya usalama niliyokuwa nafundisha, nusu yake alisema hayatumiki karakana.

Mchangiaji wa 5
Samahani, mimi napinga kidogo. Nilikuja kujifunza kusoma ili nimsomee mwanangu. Kila somo likawa wasifu wa kazi na barua ya maombi, nikaacha. Mtuulize kwanza.

Mwanzisha mada
Dada, umenigusa. Fomu yetu ya kujiandikisha inauliza umri na darasa uliloishia, basi. Jumatatu naongeza swali: unataka kusoma ili ufanye nini? Na atakayetaja kazi nitamwomba aje na karatasi moja anayokutana nayo huko, tuanzie hapo. Ukirudi, lete kitabu cha mtoto.