Ramani ya dhoruba: Alhamisi msiipuuze

Norman, Oklahoma – Jumapili usiku

Wapendwa, salaam.

Kwa tulioko Oklahoma na kaskazini ya Texas: ramani ya leo ya Storm Prediction Center (kituo cha serikali cha kutabiri dhoruba, wako hapa hapa mjini kwetu) imeizungushia Alhamisi mstari wa 30%, toka Wichita Falls hadi karibu na Tulsa. Najua kuna atakayesema 30 ni kitu gani. Hiyo ni nafasi ya dhoruba kali kupiga ndani ya maili 25 kutoka ulipo, na siku nne tano kabla, mara nyingi huandika 15 au 30 tu. Wakithubutu 30 mapema hivi, si mchezo.

Jumanne ndipo watakapoipa siku hiyo ngazi yake ya hatari, yenye rangi yake. Ngazi ni 5, na ya 2, ile ya njano, wanaiita "Slight". Tafsiri ya kamusi ni "kidogo", ndiyo iliyoniponza. Mwaka juzi, siku ya njano, niliacha gari nje kazini. Mawe ya barafu ya ukubwa wa ndimu yakashuka kama dakika kumi hivi, na boneti ikabaki kama kikaango cha vitumbua. Bima yangu ilikuwa ile ya kulipa hasara za wengine tu, kwa hiyo nililia peke yangu. Mwenye bima kama hiyo aulize kesho asubuhi bei ya "comprehensive".

Arlington, Texas – Jumatatu

Shukran kaka. Mimi Alhamisi nalala mchana, naingia kazini saa nne usiku. Hizi dhoruba si huwa za jioni? Nadhani nitakuwa nimeikwepa.

Norman – Jumatatu

Dada, hapana. "Alhamisi" ya ramani yao inaanza saa 1 asubuhi na kuisha saa 1 asubuhi ya Ijumaa. Mara nyingi huchipuka alasiri magharibi kwenu, pale hewa kavu ya jangwani inapokutana na joto lenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico, halafu zinasukumwa mashariki usiku. Zinaweza kukukuta barabarani. Kimbunga (tornado) kikikupata huko, usijifiche chini ya daraja. Mwaka 1999 kuna waliokufa hivyo hapa kwetu, upepo unabanwa pale na kuzidi nguvu.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni huo usingizi wa mchana. Sisi wa zamu za usiku tunazima simu ili tulale. Alhamisi usizime, hutasikia onyo.

Oklahoma City – Jumatatu usiku

Jamani, nina baba hapa, ametoka Bukavu mwezi wa pili. King'ora cha Jumamosi saa sita mchana kilimkuta jikoni, akaingia chini ya meza. Nilimweleza ni majaribio ya kila wiki, akanitazama tu. Kiingereza hajui, nami Alhamisi niko kazini. Tunakaa ghorofa ya tatu.

Norman – Jumanne alfajiri

Pole kwa mzee. Mfundishe maneno mawili tu, umwandikie ukutani. "Watch": hali ya hewa imeiva, vaa viatu, kaa tayari. "Warning": rada au macho ya watu yameshakiona kimbunga, shuka sasa hivi. Viatu nasisitiza, maana baadaye ni vioo na misumari kila mahali. Nyumba nyingi huku hazina chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo ni ghorofa ya chini, bafuni au chumba cha katikati kisicho na dirisha, blanketi nzito kichwani. Ongea na jirani wa chini leo. Usingoje king'ora, hicho ni cha walioko nje.

Rangi imetoka: chungwa, ngazi ya 3.

Oklahoma City – Jumatano

Jirani amekubali, ni mama wa Guatemala. Baba ameshashuka mara mbili kujaribu ngazi, viatu miguuni. Leo jioni tunampelekea chapati.