Njia ya kutembea kando ya bwawa letu: kabro mzunguko wote, vumbi la mawe nusu, au daraja la mbao?

Jirani_Kisauni
Asalaam aleikum majirani. Kikao cha juzi kiliishia kelele, kwa hivyo tuyaweke hapa kwa vipimo. Mapendekezo ni matatu. La kwanza ni kabro (matofali ya zege ya kupanga chini) kuzunguka bwawa lote, mita 400. La pili ni vumbi la mawe lililoshindiliwa, mita 250 upande wa mashariki, mtu aende arudi. La tatu ni hilo la pili pamoja na daraja la mbao la mita 60 juu ya matete, mzunguko ukamilike. Upana kote ni mita 1.8, na naomba usipunguzwe: ndio unaowezesha viti viwili vya magurudumu kupishana.

FundiSakafu
Kabro kwanza. Mita 400 kwa 1.8 ni mita za mraba 720. Kabro za sm 20 kwa 10 huingia 50 kwa kila mita ya mraba, yaani 36,000, na asilimia 5 juu yake kwa zitakazokatwa na kuvunjika. Unene wa mm 60 unatosha kwa watu. Mm 80 ni wa magari. Chini, sm 15 za marramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, kisha sm 4 za mchanga. Msichukue mchanga wa ufuoni, chumvi yake hupanda juu ya kabro kama unga mweupe.

Kinachoua kabro ni ukingo. Pasipo kerbu (mawe ya ukingo) iliyoshikwa kwa zege pande zote mbili, kabro za pembeni husogea, viungo hufunguka, mvua hunyonya mchanga wa chini na njia hubonyea. Kando ya bwawa huwa mbaya zaidi kwa sababu mchanga una pa kutorokea.

Mwana_Mvinje
Kaka Fundi, hesabu sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni mahali. Magharibi ndiko kwenye matete, na matete ndiyo yanayochuja maji ya mitaro kabla hayajaingia bwawani. Tukiyang'oa ili kupitisha kabro, tope na maji ya sabuni yatafika katikati.

Kisha kuna mbu. Perege hula viluwiluwi bwawani, lakini hawafiki kwenye kidimbwi kilichobaki ndani ya alama ya tairi la lori la mchanga. Kwa joto letu, yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kila shimo la ujenzi lifukiwe wiki hiyo hiyo.

Kivuli tupande mvinje. Machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalipoanza kurudishiwa miti mwaka 1971, aina 26 zilijaribiwa na 3 tu zikashika, mvinje ukiwemo. Ardhi yetu ni mwamba ule ule.

Mbao_na_Boriti
Daraja linawezekana, ila lijengwe sawasawa. Mbao zilazwe kukingama na mwendo, zisifuate urefu wa njia, la sivyo gurudumu dogo la mbele la kiti huzama kwenye mwanya. Mwanya uwe mm 10. Misumari ya kawaida itaoza kwa hewa ya chumvi. Tumieni skrubu za chuma kisichoshika kutu. Boriti za mikoko zinahitaji kibali cha msitu, na penye majimaji na makavu kwa zamu ndipo zinapooza, pale pale kwenye mstari wa maji. Utelezi wa ukijani nao usuguliwe kila masika. Kama hakuna atakayesugua, msijenge.

Mama_Swafiya
Wataalamu, pikipiki je? Mzunguko kamili utaunganisha barabara mbili, na bodaboda watapita humo kukwepa foleni. Na nyumba za magharibi, madirisha ya vyumba vya kulala yako hatua chache tu kutoka majini.

FundiSakafu
Dada, hapo umegusa penyewe. Vigingi vya kuzuia pikipiki mlangoni havitatusaidia: kiti cha magurudumu kinataka nafasi ya sm 90, na usukani wa pikipiki hupita hapo bila shida. Dawa ni njia isiyotokea upande wa pili. Hata daraja la mbao lingewafungulia.

Kwa hiyo nimehamia la pili. Mita za mraba 450, tabaka mbili za vumbi la mawe ya matumbawe za sm 5 kila moja juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Ni mita za ujazo 45 baada ya kushindilia, agizeni kama 58. Likamate mkononi: likishikana bila kudondosha maji, lina unyevu wa kutosha, pitisheni rola. Likiwa kavu halishiki kamwe. Mwinamo wa asilimia 2, yaani sm 3.6 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, uelekee kwenye majani. Maji yakiachwa yafuate urefu wa njia yatachimba mfereji katikati.

Jirani_Kisauni
Shukrani. Kazi yoyote kwenye bwawa inahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999, basi barua itangulie jembe. Mstari wa njia tusiupime sasa maji yakiwa chini. Kwenye shina la mvinje mkubwa wa mashariki kuna ukanda wa tope kavu unaofika gotini. Hapo ndipo masika yalipofika. Tutoe levo (usawa wa kimo) kutoka kwenye ukanda huo, tupige mambo (vijiti vya alama) kila mita 10 juu yake, kisha tuyaache hadi mwisho wa Mei. Mambo yatakayolowa yatasogezwa nyuma kabla ya kokoto ya kwanza kumwagwa.