Wafo za chachu ya ziada zinatoka laini na kali: ninakosea wapi?

Mwokaji wa Ntinda anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wa pili ninaoka mkate wa chachu nyumbani kwangu hapa Ntinda, Kampala, yaani ule unaoumuliwa kwa unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe, bila hamira ya dukani. Mwenye kufuga chachu ya namna hii anaijua kero yake: kila unapoilisha unga mpya huna budi kupunguza ile ya zamani, la sivyo baada ya majuma machache itakujazia ndoo. Mimi hupunguza gramu 120 kila Ijumaa, na kwa kuwa nililelewa na bibi ambaye hakukubali hata maganda ya matoke yatupwe kabla mbuzi hawajayaona, siwezi kuimwaga. Huihifadhi katika chupa ya jamu ndani ya friji, na chupa nayo hujaa.

Mwezi uliopita nilipata mashine ya wafo, ule mkate wa mayai na maziwa unaobanwa kati ya vyuma viwili vyenye vishimo vya mraba, nikadhani dawa ya masazo yangu imepatikana. Nilimimina chachu yote ya chupa, ambayo ile ya chini kabisa ilikuwa imekaa siku 19 na kufanya maji ya kijivu juu yake, nikaongeza mayai mawili, maziwa vikombe viwili, unga kikombe kimoja na nusu na sukari vijiko vikubwa vinne, kisha nikaacha kila kitu mezani usiku kucha nikiamini kwamba kitaumuka. Asubuhi kulikuwa na povu juu, lakini rojo lenyewe lilikuwa jepesi kama uji wa mgonjwa. Wafo ya kwanza iling'ang'ania chuma hata nikaitoa vipande vipande kwa ncha ya kijiti. Ya pili ilitoka nzima, ikiwa na rangi nzuri ya kahawia, ila kabla sijaifikisha mezani ilikuwa imelegea kama chapati ya jana, na mwanangu alipoionja aliuliza kwa nini nimetia siki.

Ninaomba kujua kama chachu iliyokaa muda huo wote bado inafaa, na ni nini kinachokosekana katika vipimo vyangu. Zaidi ya hayo, umeme wa mtaani kwetu una tabia ya kukatika Jumapili asubuhi, wakati ambao ndio ninaohitaji wafo. Je, kuna aliyewahi kuzipika juu ya sigiri?

Mama wa Jinja anajibu:

Ndugu Mwokaji, pole kwa wafo na hongera kwa kuwa na bibi wa namna hiyo. Kosa lako la kwanza ndilo nililoanza nalo mimi pia: uliitegemea chachu ya friji iumue. Chachu iliyolala kwenye baridi kwa karibu majuma matatu ina njaa. Hamira zilizomo zimedhoofika, huku bakteria wanaotengeneza asidi wakiwa wamekwisha kuijaza ukali, na huo ndio mwanao alioudhania siki. Yale maji ya kijivu ni dalili ya njaa hiyo tu na hayana madhara, kwa hiyo unaweza kuyakoroga humo humo, au kuyamwaga ikiwa hupendi ukali. Ukiona michirizi ya rangi ya waridi au ya chungwa, au ukungu, hapo tupa yote bila kumwomba bibi ruhusa.

Kwa hiyo usiihesabu kama hamira. Ihesabu kama unga na maji. Ikiwa unailisha kwa uzito ulio sawa wa vitu hivyo viwili, basi gramu 120 za chachu ni gramu 60 za unga na gramu 60 za maji. Wewe ulimimina chupa nzima, ambayo kwa hesabu ya Ijumaa zako haipungui gramu 300, kisha ukaongeza maziwa vikombe viwili kana kwamba chachu haina maji ndani yake; rojo lingepataje kuwa zito? Mimi hutumia chachu gramu 120, unga wa ngano gramu 120, kikombe kimoja cha bongo (watu wa pwani wataiita maziwa mtindi), sukari kijiko kikubwa kimoja, yai moja, siagi au samli iliyoyeyushwa gramu 30, chumvi robo kijiko cha chai, na bekingi soda nusu kijiko cha chai. Napata wafo tano hivi, na ninyi mkiwa wengi ongezeni mara mbili. Mizani ni bora kuliko kikombe, kwa sababu chachu iliyojaa povu hudanganya kikombe.

Soda ndiyo uliyoikosa. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksidi papo hapo, na gesi hiyo ndiyo inayoinua wafo. Tena inapunguza ukali na kuifanya ngozi yake ipate rangi vizuri zaidi. Lakini ile papo hapo ichukue kwa uzito. Mara yangu ya kwanza nilichanganyia katika bakuli dogo, kisha nikageuka kutafuta waya wa mashine: rojo lilipanda kimya kimya, likavuka ukingo, likafuata mkunjo wa kitambaa cha meza na kuingia kwenye droo ya vijiko. Tumia bakuli kubwa maradufu, mashine iwe imekwisha kupata moto, na soda iwe kitu cha mwisho kabisa kuingia. Usizidishe kwa kudhani kwamba ukali wote utaisha, kwa sababu soda iliyozidi ina ladha ya sabuni, na hiyo haifichiki hata kwa asali.

Kuhusu kung'ang'ania, sikuona mafuta popote katika maelezo yako, ilhali sukari ilikuwa vijiko vinne. Sukari ikiungua hugeuka gundi. Na kuhusu kulegea, adui ni mvuke. Usifungue mashine mpaka uone mvuke ubavuni umekaribia kwisha, jambo ambalo kwangu huchukua dakika tano hivi, kisha ilaze wafo juu ya wavu wa waya ili ipumue pande zote. Ukizipanga moja juu ya nyingine kwenye sahani, zitapikana kwa mvuke wao wenyewe na kurudi kuwa chapati.

Mkaazi wa Kabale anajibu:

Maelezo ya Mama wa Jinja yamekamilika, ila mimi ningependa kuitetea ile njia ya usiku kucha, ambayo muulizaji hakukosea kuitaka bali alikosea namna ya kuifanya. Kabla bekingi poda haijaenea katika karne ya 19, wafo ziliumuliwa kwa hamira iliyopewa muda, na ladha inayopatikana hivyo haipatikani kwa soda peke yake. Jioni ninachanganya chachu, unga, bongo na sukari tu, ninafunika bakuli na kuliacha mezani hadi asubuhi. Mayai, siagi, chumvi na soda huingia wakati wa kupika. Mayai mabichi hayapaswi kulala mezani saa nane au kumi, na hilo nadhani lingesemwa kwa ukali zaidi. Tena kwa njia hii inafaa kutumia chachu uliyoipunguza siku ile ile, ikiwa bado na nguvu, kwa sababu hapo kweli hamira zitafanya kazi.

Mama wa Jinja anajibu:

Ndugu wa Kabale, wewe unalala na blanketi mbili. Huku kando ya ziwa, rojo lililoachwa mezani saa mbili usiku huwa limekwisha kupanda na kuporomoka kabla ya adhana ya alfajiri, na linanuka kama pombe. Anayeishi Kampala au Jinja aliache mezani kwa saa moja au mbili, kisha alitie ndani ya friji.

Mzee wa Bombo anajibu:

Naona swali la sigiri limeachwa, nami ndilo ninaloliweza. Wafo zilipikwa juu ya moto kwa karne nyingi kabla ya umeme. Cornelius Swartwout wa Troy, New York, aliyepewa hataza ya chuma cha wafo tarehe 24 Agosti 1869, aliishughulikia shida hiyo hiyo, yaani namna ya kukigeuza chuma juu ya jiko bila kuunguza vidole. Tafuta chuma cha mkono chenye mishikio mirefu, kile kisicho na waya. Makaa yawe yamekwisha kuwaka na kufunikwa na jivu jepesi, kwa sababu ulimi wa moto utaunguza katikati na kuacha kingo zikiwa mbichi. Pasha chuma pande zote mbili, paka samli kwa kitambaa, mimina rojo, funga, na ugeuze kila baada ya dakika moja na nusu. Ya kwanza huwa ni ya kupima moto, mpe kuku. Asiyekuwa na chuma hicho atumie kikaango cha vitumbua. Hazitakuwa wafo, lakini hakuna atakayelalamika.

Sisi Wanubi tumeishi na chachu ya namna hii kwa muda mrefu. Mama yangu alipokoroga unga wa mtama kwa ajili ya kisra, mkate wetu mwembamba, alibakiza kidogo chini ya chungu ili kichachushe rojo la kesho, kwa hiyo neno masazo halikuwepo kabisa jikoni kwake. Kilichobaki ndicho kilichoanza. Kutokana na mazoea hayo ninakushauri ubadilishe theluthi moja ya unga wa ngano kwa unga wa ulezi. Ulezi hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoushika mkate, na katika mkate wako wa Jumamosi ungeleta matatizo, lakini wafo inashikwa zaidi na yai, kwa hiyo haisambaratiki, na ngozi yake hukauka vizuri zaidi. Rojo likionekana zito, ongeza vijiko viwili vya maziwa.

Mwokaji wa Ntinda anarudi:

Ninawashukuru sana. Jana nilifuata vipimo vya Mama wa Jinja kwa mizani, nikiweka gramu 80 za ngano na gramu 40 za ulezi, na rojo la jioni, bila yai, nikalilaza kwenye friji baada ya saa moja na nusu mezani. Asubuhi niliingiza soda mwishoni, nikaona rojo likivimba na kutoboka vitobo vidogo kama asali inayochemka, nikaelewa habari ya droo. Wafo nne zilitoka bila kijiti. Ya tano ilikuwa bado ndani ya mashine umeme ulipokatika, nikaimalizia kwenye kikaango kikavu juu ya sigiri, upande mmoja ukawa mweusi kidogo, na hiyo ndiyo mwanangu aliyoichagua, kwa ndizi na asali. Sasa natafuta chuma chenye mishikio mirefu. Aliyekiona katika maduka ya vyombo pale soko la Owino anielekeze ni upande gani.